Kazi ya Mzazi na Maradhi ya Mtoto: Jawabu kwa Wasemao Hapana Ushahidi

Mtoto akiugua saratani katika kisiwa chetu, maelezo hayakawii kupatikana, na aghalabu hupatikana kabla tabibu hajamaliza kazi yake. Wazee watasema ni kudra. Jirani watasema, kwa sauti ya chini, ni jicho. Mashangazi watamhoji mama alikula nini alipokuwa mjamzito, alipita wapi magharibi, alimkasirisha nani. Na msomi aliyerudi na shahada yake atasema, kwa upole unaostahili heshima, kwamba maradhi haya kwa watoto hayana sababu ijulikanayo, kwamba ni bahati mbaya ya chembe moja ya mwili iliyokosea kujigawa, na kwamba habari za kazi ya mzazi kuwa na mkono ndani yake hazina ushahidi wa kutosha. Wasemaji hawa hugombana baina yao katika kila jambo, illa katika moja: hapana hata mmoja amgeukiaye baba, wala mama mwenyewe, akamwuliza anafanya kazi gani. Makala haya ni ya kubishana nao wote, lakini zaidi na huyo wa mwisho, kwa kuwa neno lake ndilo lishikwalo na wakubwa wa kazi na wakubwa wa serikali, na kwa kuwa yeye, kwa elimu aliyopewa, hana udhuru walio nao wenziwe.

Nimependa kuitazama kadhia hii kutoka Fumba, kwa sababu ni pachache Unguja ambapo kazi za watu zimebadilika upesi kama huko. Rasi hiyo ya kusini magharibi, uifikayo kwa kupita Kombeni na Dimani, ilikuwa kwa vizazi na vizazi nchi ya maweni, ya wavuvi na wachoma chokaa, ya wanawake washukao pwani wakati wa bamvua kutafuta chaza na pweza, na mgeni hakuwa na haja ya kuuliza kazi ya mwenyeji wake, kwani angeitambua kwa vyombo vilivyoegemezwa ukutani. Tangu miaka ya 1990 ilipotengwa kuwa eneo huru la uchumi, na hasa katika miaka kumi na ushei iliyopita, zimesimama huko nyumba za ghorofa, viwanda na mitaa mizima iliyopangwa kwa rula, na vijana wa Fumba, Bweleo na Nyamanzi, pamoja na wenzao wengi waliovuka kutoka bara, wamekuwa wapaka rangi, wachomeleaji, maseremala, vibarua wa zege na madereva wa mitambo. Mimi si adui wa majengo hayo, wala simtuhumu mjenzi yeyote. Ninayoyaeleza huonekana Fumba kama yaonekanavyo Mwanakwerekwe, Mombasa ya Kenya na kila mahali pwani hii ambapo nyumba hujengwa kwa haraka na mkono wa mtu ni rahisi kuliko mashine.

Tazama basi kazi zenyewe. Mpaka rangi huchanganya rangi ya mafuta na tina ndani ya chumba ambacho madirisha yake yamezibwa kwa nailoni ili vumbi lisiingie, na jioni hunawa mikono kwa tina ile ile kwa sababu sabuni haitoi. Mwenye kunyunyiza dawa ya mchwa huimwaga katika msingi kabla zege halijamiminwa, naye yumo ndani ya ndara. Seremala hupaka boriti oili chafu iliyotoka gereji, akiisugua kwa tambara lililokwisha kulowa hadi kifundoni. Mchomeleaji huvuta moshi wa bati na wa rangi iliyokuwa juu ya bati. Fundi wa boti za faiba hushinda na utomvu ambao harufu yake humfanya mpita njia akaze mwendo. Na nahodha apelekaye watalii visiwani huhamisha petroli kutoka dumu hadi tangi kwa kunyonya mpira kwa mdomo, akatema, akaendelea na maongezi yake. Wanawake nao wamo: yumo mama lishe akaaye kutwa kando ya mtambo unaonguruma, yumo kibarua aondoaye matone ya rangi juu ya vigae kwa kitambaa chenye tina, na yumo mchora hina, kwani wako wenye kuichanganya hina nyeusi na petroli ili ishike upesi, naye hushika mchanganyiko huo msimu mzima wa harusi, awe na mimba au asiwe nayo. Kisha jua likichwa nguo zote hizi huenda nyumbani, zikafuliwa katika beseni moja na nguo za watoto.

Nianze na kudra, kwa kuwa ndiyo hoja ya watu ninaowaheshimu kuliko wote. Sikatai kwamba uhai na mauti vina Mwenyewe. Ninalolikataa ni kuifanya itikadi hiyo kuwa pazia la kuzuia uchunguzi, jambo ambalo hatulifanyi katika maradhi mengine, kwa maana hapana mzee wa Unguja aliyemkataza mjukuu wake chandarua kwa hoja kwamba malaria ni kudra. Na katika saratani ya watoto hasa, kisiwa chetu kina habari yake ambayo wengi wetu hatuijui. Mwaka 1957 mpasuaji mmoja wa Kiayalandi, Denis Burkitt, akifanya kazi katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliona watoto wenye uvimbe wa kutisha wa taya, akauandika mwaka 1958; na mwaka 1961, kwa fedha kidogo mno na gari kuukuu, alisafiri na wenzake wawili kiasi cha maili 10,000 kutoka Uganda hadi Afrika ya Kusini, akiuliza katika hospitali za serikali na za misheni alizozipitia swali moja tu: je, mmewahi kuuona uvimbe huu hapa? Majibu yalichora ramani. Uvimbe ulifuata joto na mvua, ukakwepa milima na nchi kavu. Lakini Unguja na Pemba, visiwa vyenye joto na mvua kama pwani iliyovizunguka, zilikaidi ramani hiyo, kwani humo uvimbe ulikuwa nadra. Na sababu iliyotajwa ni kwamba hapa, tangu mwisho wa miaka ya 1950, Shirika la Afya Duniani na serikali walikuwa wakipiga vita malaria nyumba kwa nyumba. Virusi vinavyohusishwa na uvimbe huo, vilivyokuja kuonekana mwaka 1964 na Epstein na wenzake katika vipande vyake vilivyopelekwa London kutoka Kampala, vimeenea duniani kote. Ni malaria ya kurudia-rudia iudhoofishayo mwili wa mtoto mpaka virusi hivyo vikapata njia.

Kwa hiyo, wakati ambapo matabibu wa miji mikubwa ya Ulaya walikuwa wangali wakiiona saratani ya mtoto kama radi isiyo na mtabiri, Unguja na Pemba zilikuwa zimekwisha kuwa dalili kwamba ziko saratani za watoto ambazo hupungua pindi watu wakubwa wakibadilisha jambo fulani katika mazingira ya watoto hao. Mwenye kuniambia leo kwamba maradhi haya hayana sababu za nje hana budi kwanza aeleze habari hiyo. (Inafaa kukumbuka pia, bila ya kutia chumvi, kwamba miongoni mwa dawa zilizonyunyizwa kutani katika vita hivyo ilikuwamo DDT, ambayo mwaka 2015 ilitiwa katika fungu la vitu ambavyo yumkini husababisha saratani, na waliobeba mabomba ya kunyunyizia mgongoni walikuwa baba za watu. Kheri iliyopatikana haikanushiki. Lakini wabebaji hao hakuna aliyewauliza kitu baadaye.)

Ama wale wenye kumhoji mama, kosa lao si kuuliza. Kosa lao ni kuuliza ili wapate wa kulaumiwa. Mwaka 1956 Alice Stewart, tabibu wa kike wa Oxford, alipotaka kujua kwa nini saratani ya damu ilikuwa ikiongezeka kwa watoto wa Uingereza, alifanya jambo ambalo wakubwa wa fani yake waliliona dogo: alipeleka waulizaji kwa mama waliofiwa na kwa mama ambao watoto wao walikuwa wazima, wakawauliza habari za ujauzito wao. Jawabu lililorudi halikumtia hatiani mama hata mmoja. Mama waliofiwa walikuwa wamepigwa eksirei ya tumbo wakiwa wajawazito takriban mara mbili kuliko wale wengine, na aliyewapiga ni tabibu. Hapana haja ya kusimulia jinsi matabibu walivyoipokea habari hiyo. Yatosha kusema kwamba miaka mingi ilipita kabla desturi ile haijaachwa, na hoja iliyotumika muda wote huo ilikuwa ni hii hii ninayobishana nayo, yaani ushahidi hautoshi, kumbukumbu za akina mama haziaminiki, na idadi ni ndogo.

Sasa niingie katika ushahidi wenyewe, maana mpinzani wangu msomi ana haki ya kunidai burhani. Mwaka 1974 wachunguzi wawili wa Quebec, Fabia na Thuy, walitazama vyeti vya kuzaliwa vya watoto waliokufa kwa saratani kabla ya kutimiza miaka mitano, wakakuta kwamba baba waliofanya kazi za petroli, rangi na injini walikuwa wengi miongoni mwao kuliko ilivyotarajiwa. Uchunguzi uliofuata katika nchi nyingine ulikubali mara moja, ukakataa mara nyingine. Na mtu wa insafu hatalificha hilo. Lakini Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, ambalo tangu mwaka 1989 limeihesabu kazi ya upakaji rangi yenyewe kuwa msababishi wa saratani kwa mfanyakazi, lilipoipitia upya mwaka 2007 liliongeza neno zito: kwamba upo ushahidi, ingawa una mipaka, unaohusisha kazi ya rangi ya mama, kabla ya mimba na wakati wa mimba, na saratani ya damu ya mtoto. Mwaka 2009 wataalamu wa Kanada waliokusanya tafiti nyingi za dawa za wadudu makazini walikuta kwamba mama aliyezishika akiwa mjamzito, hatari ya mtoto wake kupata saratani ya damu ilikuwa takriban mara mbili. Kwa upande wa baba hawakuona uhusiano wa jumla. Miaka mitano baadaye tafiti za nchi kadhaa zilipowekwa pamoja, hatari ya mama ilionekana tena katika aina moja ya saratani ya damu, na ya baba, katika siku za kutungwa mimba, ikaonekana katika aina nyingine, ingawa kwa kiasi kidogo.

Hapa mpinzani wangu atashangilia, akisema kwamba mimi nimekuja na nguo za baba ilhali mizani yaelemea kwa mama. Na ashangilie, hilo halimsaidii. Mama wa Unguja ameulizwa kila kitu juu ya mimba yake isipokuwa kazi yake, kana kwamba mtu akishakuwa mama haendi tena kazini. Na baba asiyedhuru kwa mbegu yake aweza kudhuru kwa mzigo wa nguo anaouleta mlangoni. Mwaka 1965 Newhouse na Thompson walichunguza watu wa London waliopatwa na saratani ya utando wa mapafu, ambayo husababishwa na vumbi la asbesto, wakakuta tisa ambao hawakupata kukanyaga kiwanda cha asbesto maishani mwao. Jamaa zao ndio waliofanya kazi humo, na aghalabu kosa la wagonjwa hao lilikuwa kuzifua nguo za kazi za waume zao. Ikiwa vumbi liliweza kusafiri hivyo katika kitambaa, sembuse mvuke wa tina na mafuta ya oili chafu katika ovaroli ambayo haijawahi kulala kazini.

Na iwapo atauliza ni kwa njia gani sumu ya kazini impate kiumbe ambaye hajazaliwa, jawabu limo katika jambo lililogunduliwa kwa ustadi wa kupendeza. Katika nchi nyingi za Ulaya kila mtoto azaliwapo huchomwa kisigino, na tone la damu yake hukaushwa juu ya karatasi ili kupimwa maradhi fulani ya urithi. Mwaka 1997 Mel Greaves na wenzake walizitafuta karatasi za watoto waliokuja kuugua saratani ya damu miezi au miaka baadaye, wakakuta katika damu ile kavu alama ile ile ya kromosomu zilizovunjika iliyokuwa katika ugonjwa wao. Maradhi yalianza tumboni. Uchunguzi mwingine umeonyesha kwamba alama za namna hii ni nyingi kuliko maradhi, kiasi kwamba watoto wengi huzaliwa nazo na wachache sana huugua, kwa kuwa hutakiwa tukio la pili baada ya kuzaliwa. Basi anayesema ni bahati mbaya anasema nusu ya maneno. Amebakiza kueleza ni nini kilichoivunja kromosomu hiyo, katika uboho wa kiumbe ambaye hewa yake yote ilipita kwanza katika mapafu ya mama, na ambaye kondo la nyuma halimkingi na benzini.

Benzini yenyewe haina shaka. Imo katika petroli, imekuwamo katika gundi na tina za namna nyingi, na kwamba huleta saratani ya damu kwa mtu mzima ni yakini. Nitamtaja mmoja katika waliotuonyesha, kwa sababu alifanya hivyo katika mji wa bandari wa Waislamu, bila ya hazina kubwa nyuma yake. Muzaffer Aksoy, tabibu wa damu wa Istanbul, alitambua kwamba wagonjwa wake wengi walikuwa mafundi viatu, wale washindao katika vijiduka visivyo na dirisha wakipaka gundi. Akawauliza gundi yao ni ipi, akaipima, akakuta benzini. Na mwaka 1974 alitangaza wagonjwa 26 wa saratani kali ya damu, au wa hali iitanguliayo, miongoni mwa mafundi viatu waliokadiriwa 28,500, kiasi kilichozidi mara mbili ya cha watu wengine. Gundi ilipobadilishwa, wagonjwa wakapungua. Aksoy hakuwa na chombo ambacho hospitali yetu ya Mnazi Mmoja haiwezi kuwa nacho: alikuwa na kalamu, na nafasi katika daftari ya kuandika kazi ya mgonjwa. Hospitali zetu huandika umri wa mtoto, shehia yake na jina la mzazi wake. Iwapo mtoto avushwa bahari kwenda hospitali ya Muhimbili, yote hayo huandikwa tena, na kazi ya baba ikiandikwa, huandikwa ili ijulikane kama ana uwezo wa kulipa. Kisha husemwa kwamba Zanzibar hapana ushahidi. Pangekuwapo vipi? Mtu asiyetupa nyavu hawezi kuapa kwamba bahari haina samaki.

Silaha kubwa ya wapinzani ni kisa cha Seascale, nami sitakikwepa. Katika kijiji hicho cha Uingereza, kando ya mtambo wa nyuklia wa Sellafield, ilionekana katika miaka ya 1980 kwamba watoto walikuwa wakiugua saratani ya damu kupita kiasi. Mwaka 1990 Martin Gardner alitangaza kwamba hatari ilikuwa kwa watoto ambao baba zao walipata mionzi mingi kazini kabla ya mimba kutungwa, na dunia ikatikisika. Familia mbili zikaenda mahakamani, zikashindwa mwaka 1993. Tafiti zilizofuata hazikuunga mkono dhana ya Gardner. Na leo wengi hupendelea rai ya Leo Kinlen, kwamba kuchanganyika kwa wageni na wenyeji katika mahali palipojitenga huleta maambukizo yasiyojulikana ambayo kwa mtoto mmoja mmoja huishia katika saratani. Tangu hapo, kila atajapo mtu kazi ya mzazi, hutupiwa Seascale usoni, kana kwamba dhana moja juu ya mionzi ya baba ikianguka, huanguka nayo tina, petroli, dawa ya mchwa na mama mjamzito.

Lakini Seascale, ikisomwa vizuri, ni shahidi wangu. Dhana ya Gardner iliweza kupimwa na kukataliwa kwa sababu kila mfanyakazi wa Sellafield alikuwa amevaa kifuani kibandiko cha kupimia mionzi, na kipimo chake kilikuwa kimeandikwa mwaka baada ya mwaka. Waingereza walikuwa na haki ya kusema hapana, maana walitazama. Sisi tunalisema neno lile lile bila ya kuwa na jina la tina iliyotumika, wala idadi ya makopo, wala orodha ya waliokuwamo chumbani. Fauka ya hayo, nyingi ya tafiti ambazo wasomi wetu huzinukuu zilifanywa Amerika ya Kaskazini, Ulaya na Australia, katika nchi ambazo petroli na gundi zao zilipunguzwa benzini kwa sheria. Kiasi cha hatari kilichopatikana kwao, hata kikiwa kidogo, hakiwezi kuvushwa Bahari ya Hindi kikabandikwa juu ya kijana anayenyonya mpira wa petroli.

Nakiri, na sikiri kwa kulazimishwa, kwamba hatari yenyewe kwa mtoto mmoja si kubwa. Katika nchi zihesabuzo vizuri, saratani ya damu hupata watoto wachache tu kati ya kila laki moja kwa mwaka. Hata hatari hiyo ikizidi mara mbili, mtoto wa mpaka rangi wa Fumba ana kila tarajio la kukua mzima, na mtu awatiaye hofu wazazi kwa kusema vinginevyo hutenda dhuluma. Hata hivyo udogo wa idadi haufuti uzito wa jambo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 huugua saratani kila mwaka, na kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona, ilhali katika nchi maskini hupona chini ya asilimia 30. Pale ambapo tiba iko mbali hivyo, kinga ndogo ina thamani kubwa kuliko iliyo nayo pale ambapo tiba iko jirani. Na wasomi wetu wanaoazima mizani ya Ulaya kupima hatari husahau kuazima na hospitali za Ulaya.

Wako wasemao kwamba nchi changa haiwezi kumudu anasa hizi, kwamba Fumba inahitaji kazi kwanza na usafi wa kazi baadaye. Hoja hii ingekuwa na nguvu lau ningekuwa nadai jambo jipya kwa ajili ya watoto peke yao. Sidai. Rangi humletea mpakaji mwenyewe saratani ya mapafu na ya kibofu, na hilo si la shaka kama lile la mtoto. Benzini humharibu uboho yeye mwenyewe. Dawa ya mchwa humtia sumu yeye mwenyewe. Zanzibar ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini tangu mwaka 2005, nayo haikutungwa kwa ajili ya viumbe walio matumboni. Imetungwa kwa ajili ya mtu mzima aliye juu ya jukwaa la ujenzi. Dirisha likifunguliwa, barakoa ya kuchuja mvuke ikitolewa badala ya kile kitambaa cha kuzuia vumbi, pampu ya mkono ya kuhamishia petroli ikinunuliwa, maji na sabuni vikiwekwa langoni na ovaroli ikabaki kazini ikafuliwa huko, kopo likiandikwa kwa Kiswahili kilichomo ndani yake, na mwanamke mjamzito akihamishwa kwenye kazi nyingine bila ya kukatwa ujira, basi mfanyakazi amepata haki yake iliyokwisha thibiti, na mtoto amepata kinga yake iliyo bado katika shaka, kwa gharama ile ile. Sijaona bado ni hasara ipi anayoikimbia anayetaka kungoja.

Imebaki pingamizi moja, nayo ndiyo pekee inayonisumbua, kwa kuwa hutoka kwa wauguzi wenye huruma na si kwa wenye mali. Husema: mnataka tumwulize baba ambaye mtoto wake yuko kitandani kama anapaka rangi? Akijibu ndiyo, tumwambie nini? Mnataka alale usiku huo akihesabu makopo? Najibu kwanza kwamba mama yake mtoto amelala usiku mwingi akihesabu mlo wake, na huruma hiyo hatukumwonea. Kisha najibu kwamba hapana elimu leo, Unguja wala London, iwezayo kumtazama mtoto mmoja na kusema saratani yake ilitoka katika kopo lile. Tabibu mkweli hana la kumtuhumu nalo baba, na yampasa kumwambia hivyo kwa maneno yaliyo wazi, kabla ya kuuliza na baada ya kuuliza. Swali si kwa ajili ya mtoto yule. Ni kwa ajili ya wale waliofanya kazi na baba yake katika jengo moja, na wake zao, na kwa ajili ya daktari atakayeifungua daftari ile baada ya miaka ishirini akitaka kujua kama wapaka rangi wamezidi ndani yake au hawakuzidi. Iwapo hawakuzidi, nitafurahi kuliko mpinzani wangu, na yeye kwa mara ya kwanza atakuwa na haki ya kusema hapana ushahidi.